Beijing na Mafuta ya Ghuba

Machi 10, 2023, Saudi Arabia na Iran, zilizokata uhusiano wa kibalozi Januari 2016, zilitangaza mapatano mjini Beijing. Wapo waliodhani kuwa China ni msuluhishi asiye na maslahi. La hasha! Tangu 1993 nchi hiyo huagiza mafuta mengi kuliko inayouza nje, na sehemu kubwa ya shehena hizo ilikuwa ikipita mlango bahari wa Hormuz. Vita huko ni hasara kwake.

Hatuibezi suluhu hiyo. Damu iliyozuiliwa ni kheri. Lakini tuzingatie, ndugu msomaji: Baghdad na Muscat ndizo zilizotangulia kuwakalisha mahasimu hao, kisha sifa ikaenda kwa mnunuzi. Anayelinda kisima kwa ajili ya kiu yake, huondoka kiu ikiisha. Amani ya nyumba hulindwa na wenye nyumba.