Mfupa wa Mtoto Haungoji

Mimi ni mtu wa pwani, na kazi yangu ni maneno. Nikiwa Kenyenya, huku Kisii, sikio langu lilinasa neno kabla jicho halijamwona mwenyewe: "kilema". Aliyeitwa hivyo ni mtoto mchanga, hajatimiza mwezi, nyayo zake zimepindia ndani. Jina lake la kuzaliwa halijazoeleka, ameshapachikwa la pili.

Neno hilo nalikataa. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hivi huja na nyayo za namna hiyo, awe wa Kenyenya, Lamu au Ulaya. Si laana, si kijicho, wala si kosa la mama. Akiachwa, atakanyagia ubavu wa mguu maisha yake yote, kwa maumivu. Lakini tiba ipo. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alionyesha kwamba unyayo huweza kunyooshwa kwa mkono, pole pole, kisha ukafungwa plasta. Plasta hubadilishwa kila wiki, mara tano hadi saba hivi. Wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, nayo huunga yenyewe. Wazee wa Kikisii walisifika kwa kufungua fuvu la kichwa na mgonjwa akapona. Wajukuu wao watauogopaje mkato mdogo huo?

Taabu huja baadaye. Plasta ikitoka, mguu hupendeza, na wazazi hudhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza nusu. Mtoto hana budi kuvaa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, karibu mchana kutwa na usiku kucha kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala tu mpaka afikapo miaka minne au mitano. Vikitupwa uvunguni, mguu hurudi ulikotoka.

Sisi pwani husema samaki mkunje angali mbichi. Kwa Wakisii nitasema hivi: jiwe la Tabaka humngoja mchongaji hata miaka mia, lakini mfupa wa mtoto haungoji. Basi enyi wakunga, mashangazi na majirani, mwonapo unyayo uliopinda, msimtafutie mtoto jina. Mhimizeni mama aende hospitali wiki hiyo hiyo, na kama hapo hawafungi plasta hizo, aelekezwe wanakofunga. Na baba asijifiche nyuma ya migomba: nauli ya kila wiki ni deni lake.