Bei ya gari hupimwa kabla ya ajali

Mwalimu mmoja, jirani yangu hapa Mutuini, alinijia juzi akiwa na barua mkononi. Gari lake liligongwa na lori likaharibika kiasi cha kutotengenezeka. Alikuwa amelikatia bima kamili ya Sh1,000,000, ile bei aliyolinunulia miaka mitatu iliyopita. Kampuni sasa inataka kumlipa Sh665,000. Akaniuliza, "Mzee, hizo nyingine zimekwenda wapi?"

Tulikaa tukaisoma barua pamoja. Mtathmini alisema kwamba siku ya ajali gari kama hilo lingeuzwa Sh700,000. Ikaondolewa asilimia 5, sehemu ambayo mkataba unamtaka mwenye gari ajigharamie, yaani Sh35,000. Hesabu ni sahihi. Bima humrudisha mtu alipokuwa kabla ya hasara, haimtajirishi. Lau ingekuwa vinginevyo, wengi wangeyatia magari yao moto.

Hata hivyo, sikuridhika. Ada yake ilikuwa asilimia 4. Mwaka huu alitozwa Sh40,000 badala ya Sh28,000. Gari lilikaguliwa mara moja tu, mwaka wa kwanza. Kila alipoifanya upya bima, hakuna aliyemwambia kwamba thamani imeshuka. Je, ni haki uchakavu usahaulike siku ya kupokea ada, kisha ukumbukwe siku ya kulipa fidia?

Kuna pia hasara ya upande wa pili. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa takriban Sh113. Kufikia Januari 2024 ilipita Sh160. Kwa kuwa magari yaliyotumika huagizwa Japani kwa dola, bei zilipanda. Tuseme gari lililokatiwa bima ya Sh600,000 limefikia thamani ya Sh800,000. Likiangamia, mwenyewe hapati zaidi ya Sh600,000. Likihitaji matengenezo ya Sh200,000, mikataba mingi humlipa robo tatu tu, yaani Sh150,000, kwa sababu alilipia robo tatu ya thamani.

Kwa hivyo nina mambo mawili ya kusema. Kwanza, kampuni za bima zimkumbushe mteja kupima thamani upya kila mwaka, na gari likiangamia zimpe nakala ya ripoti ya mtathmini, ionyeshe bei za magari yaliyolinganishwa na bei ya mabaki. Asiyekubali aweza kuajiri mtathmini wake mwenyewe, au kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, yenye afisi zake Upper Hill. Asitie sahihi hati ya kukubali malipo kabla ya kuielewa, kwani akishaitia, mlango hufungwa.

Pili, nawageukia walimu wenzangu. Somo la Biashara hufundisha kanuni ya fidia, na wanafunzi huikariri ili wapite mtihani. Mbona tusiwape mkataba halisi wapige hesabu hizi darasani? Jirani yangu amefundisha hisabati kwa miaka mingi, na asilimia anazijua kuliko mimi. Lakini mkataba wake aliusoma kwa mara ya kwanza gari likiwa tayari chuma chakavu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hiyo bima ikiisha, fungua daftari kwanza.