Gari Juu ya Mlima Elgon

Wako vijana wa Kitale na Bungoma wamsifuo dereva apandaye Mlima Elgon wakati wa mvua, kwa gari lisukumwalo na magurudumu yote manne. Humwita shujaa. Mimi nasema sifa hiyo si haki yake. Nisikilize, msomaji, kabla ya kunipinga.

Kutoka lango la Chorlim barabara ya udongo hupenya msitu, ikapanda zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari kuelekea kilele cha Koitobos. Mvua inyeshapo, udongo huwa utelezi. Dereva huyo hangoji ukauke; hulikwepa tope akapita majanini. Wa pili hupita mbali zaidi. Hatimaye njia moja huwa tatu, na kila alama ya gurudumu huwa mfereji. Maji huufuata mfereji, yakauchimba, yakachukua udongo hadi mitoni, mpaka Nzoia upitao Webuye. Mama atekaye maji huko hupata tope la ushujaa wa mtu asiyemjua.

Utasema injini ina nguvu. Kweli, lakini nguvu hiyo ni ya kiwanda. Dereva amekanyaga tu. (Tembo waingiao gizani katika pango la Kitum kuchimba chumvi kwa pembe zao hupanda bila injini, wala hatuwapigii makofi.) Mheshimu dereva ashukaye, akapima tope kwa fimbo, akaliacha gari chini na kupanda kwa miguu pamoja na askari wa mbuga. Huyo hurudi Kitale amechoka, viatu vichafu, wala hana kisa cha kuwasimulia rafiki zake.