Usizime Simu, Zima Hiyo Forwadi

Wasee, ile mesej imerudi tena kwa grupu ya ploti. Eti usiku wa leo, saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, miale hatari inapita karibu na Dunia, zima simu, iweke mbali na mwili. Eti NASA wamesema. Haijawahi kuwa na tarehe. Ni "usiku wa leo" kila mwaka.

Mara ya mwisho mathe aliamini, akazima simu zote. Usiku huo dadangu alishikwa na uchungu wa kuzaa huko Kawangware, akatupigia mpaka akachoka. Jirani ndiye alimkimbiza hosi. Mtoto yuko poa. Na kama hangekuwa? Aliyeforwadi angejibu?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jua hutupiga kweli, na hiyo hakuna anayeforwadi. Linatoa upepo wa chembe zenye umeme, kilomita 400 hivi kwa sekunde, hata sasa ukisoma. Sumaku ya Dunia huusukuma kando, kama geti. Lakini huo upepo una sumaku yake. Ikielekea kaskazini, geti linabaki karibu limefungwa. Ikigeuka kusini, kinyume na yetu, nyuzi zake zinaungana na za Dunia na geti linafunguka. Nguvu inavutwa mpaka upande wa usiku, inajaa huko kama mpira wa manati, halafu inafyatuka kurudi kwetu. James Dungey alieleza haya 1961. 1961, na bado tunazima simu!

Mnakumbuka 10 Mei 2024, ile holidei ya kupanda miti baada ya mafuriko? Jioni hiyo, saa mbili hivi, dhoruba kali zaidi kwa miaka 20 ilitua. Ulaya waliona mbingu nyekundu. Simu yako Kabiria haikuungua. (Intaneti iliyokwama Jumapili yake ilikuwa nyaya za chini ya bahari, msianze.)

Wanaoumia ni setilaiti. Februari 2022 dhoruba ndogo tu ilipasha hewa ya juu joto, ikatanuka, ikaangusha setilaiti 38 za Starlink kati ya 49 zilizorushwa siku hizo. Sisi tunashukia steji ya Satellite kila siku na hatuna habari.

Admin, futa hiyo mesej kabla ya saa sita na nusu. Mathe ako kwa hiyo grupu.