Owino Uhuru: Safisheni Kwanza, Mdaiane Baadaye

Desemba 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya iliwarudishia wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, fidia ya shilingi bilioni 1.3 ambayo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeifuta mwaka uliotangulia. Ulikuwa ushindi uliostahili vigelegele. Hata hivyo, hesabu ya miaka inauma. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya kijiji hicho mwaka 2007, kikafungwa 2014. Tangu kifungwe hadi majaji watoe neno la mwisho imepita miaka 10, na mtoto aliyekuwa mbelekoni kiwanda kilipofungwa alikuwa keshafika shule ya msingi.

Madini ya risasi yaliyotoka kiwandani humo hayaozi. Hukaa kwenye tabaka la juu la udongo, yakaingia nyumbani kwa vumbi na nyayo, kisha yakafika kinywani kwa mkono wa mtoto anayecheza uani. Huko mwilini hushambulia ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho, aliingia katika mapambano haya baada ya mwanawe mchanga kuugua sumu hiyo. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Goldman.

Hukumu ya kwanza, ya mwaka 2020, haikuishia kwenye fidia. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliagiza udongo, maji na taka za pale zisafishwe ndani ya miezi 4, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kuifanya kazi hiyo. Rufaa ilipokatwa, suala la udongo nalo likaburutwa pamoja na kesi. Hapo ndipo penye kasoro: afya ya mtoto imefungwa kwenye mkia wa shauri la mawakili.

Wapo wanaosema fedha za umma zisiguswe, mchafuzi alipe mwenyewe. Kimsingi wana haki. Lakini kampuni hufunga milango, mitambo ikauzwa, na wenyewe wakatawanyika. Zaidi ya hayo, katika kesi hii mahakama iliibebesha NEMA, mamlaka ya kusimamia mazingira, 40% ya lawama, na wizara mbili nazo zikapewa sehemu yao. Kwa hiyo mlipa kodi atalipa tu. Kilichobaki kuamuliwa ni kama atalipa mapema, udongo uondolewe, au atalipa baada ya kizazi kizima kuathirika.

Sheria ya kulipa mapema ipo. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilianzisha mfuko wa kurejesha hali ya mazingira, utumike pale mchafuzi asipojulikana au hali ya kipekee inapoilazimu mamlaka kuingilia kati. Kama Owino Uhuru si hali ya kipekee, basi maneno hayo hayana kazi katika kitabu cha sheria. Mfuko huo utengewe fedha za kutosha katika bajeti, nazo zitokane kwanza na tozo kwa viwanda vya betri, kemikali na mafuta.

Marekani ilipitia njia hiyo. Baada ya taka za kemikali kuwafukuza watu majumbani mwao Love Canal, Niagara Falls, mwaka 1978, Bunge lilipitisha mwaka 1980 sheria ya mfuko wa kusafisha maeneo yenye sumu. Serikali husafisha, kisha humwandama mchafuzi ailipe gharama. Tozo ya viwanda iliyoulisha mfuko huo ilikoma mwaka 1995, na mzigo ukazidi kuangukia hazina kuu. Sheria ya mwaka 2021 ndiyo iliyoanza kuirudisha. Funzo kwa wabunge wa Nairobi ni kwamba tozo isiwekewe tarehe ya kufa.

London nayo, ikijiandaa kwa Olimpiki za 2012, ilisafisha takriban tani milioni 2 za udongo katika eneo la viwanda vya zamani huko Stratford. Leo pana bustani, nyumba na vyuo. Mombasa yenyewe inajua kazi hii inawezekana: jaa la Kibarani, lililomkabili kila mgeni anayeingia kisiwani, lilifungwa 2018 na kugeuzwa bustani. Owino Uhuru haiko mbele ya macho ya wageni, na hilo lisiwe sababu ya kuisahau.

Jambo moja lisipuuzwe. Ardhi ikisafishwa, bei yake hupanda, na asiye na hatimiliki ndiye wa kwanza kuhamishwa. Kabla tingatinga la kwanza halijachota udongo wenye sumu, Serikali ya Kaunti na Tume ya Ardhi ziwaandikishe wakazi waliopo, ziwape hati, na zibandike hadharani ramani ya mahali palipopimwa pamoja na kiwango cha risasi kilichopatikana, ili kila mzazi ajue uani kwake pakoje.