Mshairi Ahesabuye Mizani na Laha Isiyo na Jina

Washairi wenzangu na wapenzi wa lugha, leo sikuleta shairi. Nimeleta ugomvi, na ugomvi wenyewe nauanzia nyumbani.

Kikundi chetu kina lahajedwali moja ya pamoja, tunamokusanyia msamiati wa pwani na tungo zilizohifadhiwa vifuani mwa wazee. Ilianza na laha 3. Leo zimefika 41. Mwaka juzi mzee mmoja wa Pemba alizungumza nasi kwa simu jioni tatu mfululizo, akatutajia majina ya sehemu za dau, ya kamba zake na ya miamba aliyokuwa akiikwepa usiku. Mwenzetu aliyaandika yote. Mzee alipofariki, tukataka kuyasoma maneno hayo mbele ya jamaa zake. Tulitafuta siku mbili, hatukuyaona. Nikawapigia simu wanawe, mimi mwenyewe, kuwaambia kwamba maneno ya baba yao hatunayo. Miezi minne baadaye yakaonekana: yamo katika laha iitwayo "Sheet14", kulia kabisa, baada ya safu tupu 20. Nikawapigia tena, na aibu ya simu ile ya pili sijaisahau. Maneno hayakuwa yamepotea hata siku moja. Tuliopotea ni sisi.

Tangu hapo nimekuwa nikishauri lahajedwali yetu ipangwe ili mtu aweze kutembea ndani yake bila kiongozi. Kila nishauripo, hupewa hoja tatu. Nazijibu hapa hadharani.

Hoja ya kwanza husema kwamba kupanga ni kazi ya makarani, si ya malenga. Ajabu iliyoje! Asemaye hivyo ni yule yule ambaye ukimpelekea tarbia yenye mshororo wa mizani 15 badala ya 16, atakurudishia kabla hajafika kwenye kibwagizo. Kina cha kati kikiteleza, anakisikia. Lakini laha yake haina jina, na safu zake hazina vichwa. Arudhi haikuwa pambo tu kwa wazee wetu. Ilimwezesha msikilizaji asiye na karatasi kulishika shairi kichwani na kulifikisha kwa mwingine. Jina la laha, kichwa cha safu na ukurasa wa yaliyomo ndiyo arudhi ya lahajedwali. Programu ya Excel huruhusu jina la laha lisilozidi herufi 31, nafasi zikihesabiwa. Malenga awezaye kulibeba jambo zima katika ubeti mmoja atashindwaje kuandika "Sehemu za dau, Pemba"?

Hoja ya pili husema kwamba kitufe cha kutafuta kinatosha. Kitufe hicho humfaa ajuaye anachokitafuta na jinsi kilivyoandikwa. Asiyejua kwamba tuna laha ya kamba hawezi kuitafuta. Tena Excel, usipoiagiza vinginevyo, hutafuta katika laha uliyoifungua tu, si katika lahajedwali nzima. Kisha lugha yetu ina mitego yake. Katika neno ng'ombe, kifaa kimoja huandika ritifaa iliyopinda na kingine iliyonyooka. Kwa jicho la mtu ni alama moja, kwa mashine ni mbili. Mwandishi wa Kimvita akiandika "mato" na mwenzake akaandika "macho", kulitafuta moja hakukuletei la pili, mpaka pawepo safu ya neno sanifu kando ya safu ya neno la lahaja. Vitenzi navyo vina kisa chao. Wanakamusi wamezoea kulitanguliza shina kwa kistari, lakini ukiandika -lima katika Excel, programu hudhani umeanza hesabu na hukurudishia kosa. Wenzetu walipochoka wakaandika kulima, kuimba, kusuka. Tulipopanga kialfabeti, vitenzi vyote vikalundikana chini ya K. Dawa yake ni ndogo: liandikwe shina tupu, lima, na safu ya pili itaje aina ya neno.

Hoja ya tatu husema kwamba kila mtu ana njia yake, basi tusibanane. Hii ndiyo iniudhiyo zaidi, kwa kuwa imevaa kanzu ya uhuru. Mmoja wetu hupaka rangi ya njano maneno aliyokwisha kuyahakiki. Mwingine hupaka njano hiyo hiyo maneno anayoyatilia shaka. Mgeni afanyeje? Uhuru wa mwandishi umegeuka kifungo cha msomaji. Kitu ambacho mlango wake unajulikana na fundi peke yake hakiwi cha pamoja, hata kama funguo wamepewa watu mia.

Nakiri kwamba mpangilio nao ukizidi huua. Nimeona majedwali yenye safu nyingi hata neno la mzee likakosa pa kukaa. Kwa hiyo madai yangu ni machache. Laha ya kwanza iwe ya Yaliyomo: jina la kila laha, sentensi moja ya kueleza kilichomo, mlezi wake, na kiungo cha kubofya. Kila laha iwe na kiungo cha kurudi huko. Mstari wa vichwa ugandishwe juu, usipotee mtu anaposhuka. Laha zigawanywe kwa maudhui, si kwa majina yetu. Rangi isibebe maana ambayo haikuandikwa pia kwa maneno. Laha zisizotumika tena zihamishiwe mwisho, ziitwe Ghala. Na abadilishaye jina la laha avijaribu viungo siku hiyo hiyo, maana kiungo kilichoandikwa kwa fomula hakilifuati jina jipya.

Sidai haya ili tuonekane nadhifu. Wazee wanaotupa maneno hawatakuwapo kutuuliza tumeyaweka wapi. Watakaouliza ni wana wao, na wajukuu ambao hawatatujua sisi wala mazoea yetu.

Nimeanza mimi. Juma lililopita "Sheet14" nimeipa jina lake, nikafuta safu tupu na kuiingiza katika Yaliyomo. Zimebaki laha 40. Wenyewe mnajijua.