MWALIMU APEWE KUAGA KWA HESHIMA



Katika ofisi ya tawi letu huletwa mashtaka ya kila namna: mshahara uliochelewa, uhamisho wa ghafula, nyumba ya mwalimu inayovuja. Lakini shtaka moja tulilolipokea baada ya shule kufungwa mwisho wa mwaka lilikuwa jipya kwetu, na wengine katika komiti walicheka waliposikia mwanzo wake. Lilihusu gauni. Tulipokwisha kulisikiliza mpaka mwisho, hakuna aliyecheka.

Mwanachama wetu huyo hufundisha katika shule moja ya hapa Pwani. Watoto wake alikuwa nao tangu darasa la kwanza, akapanda nao mpaka la tatu, na ilikuwa imekwisha kuamuliwa kwamba mwaka unaofuata watakwenda kwa mwalimu mwingine. Basi wiki mbili kabla ya kufunga shule alinunua kitambaa cha pamba cha maua madogo, akakipeleka kwa fundi, akashonewa gauni la mikono mifupi, refu kupita magoti. Kitambaa na ushonaji vilimla shilingi 1,400, nazo alizitoa katika mshahara wake mwenyewe. Alitaka watoto wamkumbuke akiwa nadhifu, maana mwaka mzima walikuwa wakimwona na vumbi la chaki.

Asubuhi ya kufunga, watoto walimzunguka. Mmoja alishika upindo wa gauni akauliza, "Mwalimu, leo unaolewa?" Wote wakacheka, naye akacheka. Lakini saa nne, kabla wazazi hawajaketi, aliitwa ofisini akaambiwa kwamba lile si vazi la mwalimu, na kama hana koti au sweta ya kufunika mikono, asisimame mbele ya wazazi. Nyumbani kwake ni mwendo wa saa nzima. Sweta hakuwa nayo; nani hapa Pwani huchukua sweta mwezi wa Novemba? Akakaa nyuma ya jiko la shule mpaka mkutano ukaisha. Ripoti za watoto wake ziligawiwa na mtu mwingine asiyejua majina yao. Alipotoka, watoto walikuwa wamekwisha kwenda na wazazi wao.

Alichotuambia ni maneno machache: "Gauni si neno. Sikuwaaga."

Wako watu watakaosema kwamba chama cha wafanyakazi kina mambo makubwa kuliko nguo. Sisi twasema kwamba mfanyakazi huanza kudharauliwa katika mambo madogo, na akizoea hayo, makubwa yatamkuta amekwisha inama.

Kwanza tutazame vazi lenyewe. Novemba hapa kwetu ni wakati wa tanga mbili. Kusi imekwisha legea na kaskazi haijashika, hewa imesimama, na mvua za vuli huongeza unyevu. Halafu kaskazi ikija, joto la mchana hufika nyuzi 32 na kuzidi, mpaka mwezi wa Machi. Darasa lina paa la mabati na watoto sitini ndani. Mwalimu wa Limuru au wa Molo ana haki ya kuvaa sweta yake, wala hatumzuii. Lakini kumtaka mwalimu wa Kilifi au wa Lamu avae kama yuko Limuru ni kumwadhibu kwa kosa la jua.

Kanuni za kazi yetu zinataka mwalimu avae kwa heshima, na sisi twakubali kwa moyo wote. Lakini heshima si uzito wa kitambaa. Kanzu ni nyepesi, na nani atasema haina heshima? Wazee wetu wanakumbuka kwamba siku za ukoloni hata maofisa wa Serikali hapa Pwani walivaa kaptula na shati la mikono mifupi, na walimu wengi kadhalika, na hakuna aliyewafukuza mbele ya wazazi. Tena tuliuliza jambo jingine, tukajibiwa. Siku ile ile, katika mkutano ule ule, walimu wanaume watatu walisimama na mashati ya mikono mifupi. Kumbe mikono ya mwanamume haikuwa na kosa. Hapo haja ya maelezo zaidi hatuioni.

Lakini jambo kubwa zaidi ni lile alilolisema mwenyewe, kwamba hakuwaaga watoto. Watu wengi hudhani siku ya kufunga shule ni siku ya soda na mandazi, kurudisha vitabu na kufunga madirisha. Wasiofundisha hawajui kwamba kuaga ni sehemu ya kazi. Mtoto aliyekaa na mwalimu mmoja miaka mitatu amemjua kama anavyomjua shangazi yake. Akiondoka bila neno, hudhani amekosa. Na neno lenyewe si refu: "Umeshinda hesabu zilizokutoa machozi mwezi wa Mei. Mwakani usiogope kuuliza." Mtoto hulichukua neno hilo nyumbani, na pengine hulichukua maisha yake yote.

Sisi sote tulionjeshwa ubaya wa kutoagana. Jumapili tarehe 15 Machi 2020 Serikali ilitangaza kwamba shule zifungwe kwa sababu ya korona, na kesho yake shule za kutwa hazikufunguliwa. Ijumaa tulikuwa tumewaambia watoto, "Tutaonana Jumatatu." Darasa la nane, gredi ya nne na Kidato cha Nne walirudi mwezi wa Oktoba, na wengine wakangoja mpaka Januari 2021. Tulipoita majina, wengine hawakuitika. Walikuwako wasichana waliokwisha kuwa mama, na wavulana waliokwisha shika kazi za watu wazima. Mwalimu gani hakujiuliza usiku, "Laiti ningalimwambia neno"?

Hata mabadiliko ya mitaala yamegusa jambo hili. Mtihani wa KCPE ulianza 1985, na kwa muda wote huo kila mtu alijua kwamba mwisho wa darasa la nane ndio wakati wa kuagana. Mtihani ule ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mwaka uliofuata darasa la juu lilikuwa gredi ya nane, nalo halikutoka. Likabaki kungoja gredi ya tisa, ambayo kundi lake la kwanza liliondoka mwisho wa 2025 kwenda sekondari ya juu. Mtoto wa gredi ya sita naye humwacha mwalimu wake wa msingi, lakini mara nyingi habadili hata lango la shule. Basi kwa kuwa haondoki, watu husahau kwamba anaaga. Twawakumbusha walimu wakuu kwamba mtoto anayehama kutoka mikono ya mtu mmoja kwenda ya mwingine, ijapokuwa ni katika uwanja ule ule, anastahili kuagwa.

Sasa twaja kwenye kidonda. Mwalimu wa kazi ya kudumu akiulizwa na mtoto, "Mwalimu, Januari utarudi?" anaweza kujibu. Lakini wako wenzetu wasioweza. Mwalimu wa bodi, anayelipwa na shule yenyewe, mara nyingi hufunga shule pamoja na mshahara wake, na hajui kama ataitwa tena. Walimu wanagenzi waliopelekwa sekondari ya msingi mwaka wa 2023 walipewa mkataba wa mwaka mmoja, kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Hao walisimama mbele ya watoto siku ya kufunga wakiwa hawajui waseme kwaheri au waseme tutaonana. Mtu asiyejua kesho yake atamwambiaje mtoto habari za kesho?

Twakumbuka pia kwamba mambo hayo yalitikiswa na umoja. Aprili 2024 Mahakama ya Kazi iliamua kwamba mpango ule wa uanagenzi ulivunja sheria. Mwezi uliofuata walimu wale waligoma. Na Januari 2025 maelfu yao walipewa kazi ya kudumu. Hayo hayakuletwa na mvua. Lakini baada yao waliandikwa wanagenzi wengine, na walimu wa bodi wangali pale pale. Wazee wa kazi hii hawashangai. Kabla ya 1967, ilipoundwa Tume ya kuwaajiri walimu, mwalimu alikuwa mtu wa misheni huku na wa baraza la wilaya kule, na kila mmoja alikuwa na masharti yake. Chama cha walimu kilichoanzishwa 1957 kilidai mwajiri mmoja, kikampata. Waliodai walikuwa watu kama sisi, wengi wao wenye shati moja la Jumapili.

Kwa hivyo twataka mambo matatu.

La kwanza, mwalimu yeyote wa mkataba aelezwe kwa barua, mwezi mmoja kabla ya shule kufungwa, kama kazi yake itaendelea au la. Barua ya Desemba, watoto wakiwa makwao, haimfai yeye wala wao.

La pili, kila shule ya Pwani na ya nchi nyingine za joto iandike wazi vazi linalokubaliwa, likiwa jepesi, na sheria iwe moja kwa wanaume na wanawake. Isiachwe kwa jicho la mtu mmoja asubuhi ya mkutano.

La tatu, siku ya kufunga, kila mwalimu wa darasa apewe saa moja ya kukaa na watoto wake peke yao, na ripoti azigawe yeye. Hotuba za wageni zitangoja.

Nasi walimu tujiambie kweli. Tusigeuze siku hiyo kuwa mashindano ya nguo mpaka mtu akope. Gauni safi la mwaka jana, likipigwa pasi, latosha. Tusiwachangishe wazazi zawadi ya mwalimu, maana mzazi asiyekuwa nacho humficha mtoto nyumbani siku hiyo, na mtoto huyo ndiye aliyehitaji neno letu kuliko wote. Zawadi ya mtoto ni ile barua aliyoichora mwenyewe kwa kalamu ya rangi. Hiyo tupokee kwa mikono miwili. Na tusiketi ofisini tukijaza fomu huku watoto wakitawanyika. Anayedai haki ya kuaga, aage.

Mwanachama wetu je? Mwezi wa Januari wajumbe wawili wa tawi walikwenda naye shuleni. Mazungumzo yalikuwa ya adabu, na mwalimu mkuu, twasema kwa haki, alikubali kwamba alikosea. Mwanachama wetu alipewa dakika kumi katika darasa la nne, kwa mwalimu wao mpya. Alivaa gauni lile lile. Aliwaita watoto kwa majina, mmoja mmoja, akamwambia kila mtoto neno lake, akatoka.

Ikiwa jambo kama hilo limekupata, ndugu mwalimu, usikae nalo nyuma ya jiko. Lete ofisini. Hatutacheka.

Umoja ni nguvu.